Linda donge la damu: kujiandaa na kupona baada ya upasuaji wa gego la mwisho

Mara ya kwanza nilitolewa gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, nikaumwa wiki mbili nzima. Mwaka uliofuata nikatolewa la kulia, lililokuwa limelala vibaya zaidi hata daktari akalazimika kulikata vipande vitatu, na siku ya sita nilikuwa nimesimama mbele ya ubao nafundisha darasa la pili. Mdomo ni uleule. Mara ya pili nilijua ninalinda nini.

Jino likitoka linaacha shimo ndani ya mfupa wa taya. Shimo hilo hujaa damu, damu ikaganda, na donge lile ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu iliyo chini yake. Juu ya donge hilohilo ndipo nyama mpya huanza kuota. Likikaa mahali pake, unapona. Likichomoka au likiyeyuka kabla ya wakati, mfupa unabaki wazi, hewa na mate na chakula vinaugusa, na hapo utajua maumivu ni nini. Ukishalielewa donge, huhitaji kukariri makatazo. Utajua mwenyewe kwa nini mrija haufai, kwa nini sigara haifai, kwa nini usiteme mate kwa nguvu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, si daktari. Daktari wako akisema tofauti na mimi, mfuate yeye, maana yeye ndiye aliyeona picha ya taya lako.

Kabla ya siku yenyewe

Picha ya eksirei isikose. Kwa magego ya mwisho ya chini, daktari anataka kuona mizizi imekaa umbali gani na mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya taya, ule unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Muulize waziwazi: mizizi yangu iko karibu na mshipa? Kuna uwezekano wa mdomo kubaki na ganzi? Mimi mara ya kwanza sikuuliza lolote, nikaona nitamsumbua. Mara ya pili niliuliza, akaigeuza picha kwenye mwanga akanionyesha kwa ncha ya kalamu mstari wa mfereji wa mshipa, na mzizi wangu juu yake ukiwa umeacha nafasi ndogo. Nilipanda kitini nikiwa na moyo uliotulia.

Kisha mwambie kila kitu kuhusu mwili wako, hata usichoulizwa. Andika kwenye karatasi nyumbani, kwa sababu ukishakaa kwenye kile kiti utasahau. Presha, sukari, pumu, selimundu, ugonjwa wa moyo, ujauzito, vidonda vya tumbo, dawa za mifupa, dawa iliyowahi kukutoa vipele au kukuvimbisha. Wanawake tutaje pia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa vimehusishwa na donge kutokaa vizuri. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake. Shangazi yangu alifanya hivyo. Anazo kwa ajili ya moyo, akasikia kwa jirani kwamba zitamfanya atoke damu, akaziacha kimyakimya siku tatu. Daktari alipogundua hakumgusa, akamrudisha kwa daktari wake wa moyo kwanza. Damu ya fizi inaweza kuzuiwa kwa gozi na uzi, lakini donge la damu likitoka moyoni likaenda kwenye ubongo ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu kula, wengi wanachanganya. Kama utachomwa ganzi ya mdomoni tu, kula ushibe kabla ya kwenda, ila kama daktari amekuambia vingine. Mimi nilikula chapati na maharage saa moja asubuhi, nikijua nitakaa hadi jioni bila kutafuna. Kama utalazwa usingizi kabisa, hapo ndipo tumbo linatakiwa kuwa tupu. Kwa kawaida ni saa sita bila chakula, na watakuambia mwisho wa kunywa maji ni saa ngapi. Usidanganye hata kwa kipande cha mkate, kwa sababu chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu ukiwa hujitambui.

Chagua siku. Mimi napendekeza Jumatatu au Jumanne asubuhi. Damu ikikataa kukauka jioni, daktari unampata kesho yake, kuliko kung'oa Ijumaa mchana halafu ukahangaika Jumamosi usiku. Mwalimu mwenzangu, subiri likizo. Na kwa tunaofunga, kama jino halina usaha wala uvimbe na daktari ameridhia, lisogeze lisiangukie Ramadhani. Utahitaji dawa za mchana, maji, na uji kila baada ya muda mfupi.

Nyumbani andaa kana kwamba unamwandalia mgonjwa mwingine. Maji yachotwe na kujazwa mapema, kwa sababu hutainua ndoo kwa siku mbili tatu. Nunua dawa za maumivu kabla. Weka barafu kwenye friji, au panga na jirani mwenye friji. Tafuta mto wa pili. Pika supu uigandishe. Mpate mtu wa kukusindikiza. Mimi nilikwenda na wifi yangu, na kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza maelekezo, maana mwenyewe nilikuwa na gozi mdomoni na kichwa hakikushika neno. Asubuhi hiyo piga mswaki vizuri, na ulimi pia.

Kitini

Sindano ya ganzi inauma kama kubanwa na kucha, kisha mdomo unakuwa mzito. Baada ya hapo utasikia kusukumwa na kuvutwa, na mlio wa mashine unaopita kwenye mfupa hadi ndani ya sikio. Mlio unatisha kuliko kitendo. Kusukumwa ni kawaida. Maumivu makali si kawaida. Kubaliana na daktari mapema kwamba ukiinua mkono wa kushoto anasimama anakuongezea ganzi. Usivumilie kwa heshima. Sisi tuliolelewa tusilie mbele ya wakubwa tuna tabia hiyo, nami mara ya kwanza nilivumilia nusu saa nzima ambayo haikuwa na ulazima.

Akimaliza atashona, atakukunjia gozi, atakuambia uume. Uma kwelikweli, kwa mgandamizo wa moja kwa moja, kati ya nusu saa na saa moja. Usiitoe kila dakika tano kutazama kama damu imekauka. Kila ukiitoa unalivuruga donge linalojaribu kushika. Usiongee. Mate yameze. Wifi yangu aliangalia saa, nami nikatazama nje ya bajaji mpaka tukafika nyumbani.

Ukiitoa gozi na damu bado inachuruzika, kunja nyingine safi iliyoloweshwa kidogo, iweke juu ya shimo lenyewe na si pembeni, uma tena nusu saa. Huna gozi? Pakiti ya majani ya chai iliyoloweshwa kwa maji baridi safi inafanya kazi nzuri, kwa sababu ukakasi wa chai husaidia damu kuganda. Mate yenye rangi ya waridi hadi kesho yake yasikutishe. Tone moja la damu hulitia rangi bakuli zima la mate.

Ganzi ya taya la chini hukaa saa kadhaa. Usile mpaka iishe, na mtoto aliyechomwa ganzi mkalie karibu, kwa sababu atautafuna mdomo wake bila kujua mpaka uvimbe.

Usiku wa kwanza na siku inayofuata

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, na ninaandika yote haya hasa kwa ajili ya usiku huu.

Pale nilipotolewa jino la kwanza, sipataji, niliambiwa maneno mawili: "Uma pamba." Karatasi ya maelekezo sikupewa. Nilipofika nyumbani mama akanipokea na kikombe cha maji ya moto yenye chumvi. "Sukutua, mwanangu, utoe hiyo damu chafu." Nikasukutua kwa nguvu kama ninavyofanya asubuhi, nikatema kwenye karo, nikaona vibonge vyeusi vinateleza kwenda na maji. Tukafurahi wote wawili kwamba uchafu unatoka. Haukuwa uchafu. Lile lilikuwa donge langu. Kesho yake nikanywa dafu mbili kwa mrija, nikiona nimepata chakula kisicho na kutafuna. Kuvuta kwa mrija kunafanya mdomo unyonye, na kunyonya kunang'oa kilichobaki.

Kwa hiyo saa ishirini na nne za kwanza: hakuna kusukutua, hakuna kutema kwa nguvu, hakuna mrija, hakuna sigara wala shisha, hakuna pombe, hakuna kinywaji cha moto. Mate yakijaa, yameze au inamisha kichwa yadondoke yenyewe. Dafu ni zuri sana, lakini mimina kwenye kikombe.

Kuhusu udhu nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu. Kwetu Mashafi kusukutua ni sunna, kwa hiyo udhu unatimia bila ya hiyo. Siku ya kwanza nilisali nimekaa kitini pia, kwa sababu kila nikiinamisha kichwa nilisikia damu inagonga kwenye shavu.

Barafu ifunge kwenye kitambaa safi, mimi nilitumia kipande cha kanga kuukuu, uweke nje ya shavu dakika kumi na tano, upumzishe dakika kumi na tano, urudie ukiwa macho kwa siku hiyo ya kwanza. Usiiweke barafu tupu kwenye ngozi. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Uvimbe utaongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kisha utaanza kushuka, kwa hiyo kuamka siku ya pili na shavu kubwa kuliko jana si ishara ya kuharibika. Baada ya siku mbili acha barafu, tumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Taya likiwa gumu kufunguka siku hizo, ni misuli. Fungua na kufumba polepole mara kadhaa kwa siku.

Saa ishirini na nne zikipita, sasa chumvi ya mama ina kazi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa wiki moja. Shikilia maji mdomoni, geuza kichwa kulia na kushoto, kisha fungua mdomo yadondoke. Mama nilimweleza yote haya kabla ya jino la pili, na safari hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha: "Bado saa zako hazijafika." Mswaki endelea nao kwenye meno mengine tangu kesho yake, ila kaa mbali na kidonda.

Chakula

Siku mbili za mwanzo nilikula vya baridi na vuguvugu: mtindi, uji mwepesi wa mahindi uliopoa, ndizi mbivu za kusaga, parachichi, supu ya kuku iliyochujwa ikaachwa ipoe. Siku ya tatu nikaongeza viazi vya kuponda, mtori, mayai ya kuvuruga, ugali laini na mlenda, ambao unateleza wenyewe. Kula kwa kijiko, upande usio na kidonda.

Wali nilijizuia karibu siku kumi, na kwa mtu wa pwani hilo ni jambo zito, lakini punje moja ikiingia shimoni haitoki kirahisi. Vivyo hivyo ufuta, bisi, karanga, kashata, samaki wa miiba midogo, muhogo wa kukaanga na chochote chenye ukoko mkali. Pilipili na ndimu subirisha. Maji kunywa mengi.

Dawa za maumivu

Meza dozi ya kwanza kabla ganzi haijaisha. Ukisubiri maumivu yafike ndipo umeze, utayakimbiza usiku kucha.

Kwa mtu mzima mwenye afya, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Soma maganda, kwa sababu vidonge vingi vya mchanganyiko vya maumivu na mafua vina parasetamoli ndani, na watu huizidisha bila kujua mpaka ini likaumia. Ibuprofeni hupunguza na uvimbe pia, lakini imezwe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, pumu au mimba amuulize daktari kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu wa nyumba moja, usizitumie pamoja. Aspirini usiimeze kwa ajili ya maumivu haya, maana inafanya damu isigande vizuri. Aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo afuate daktari wake. Na usisage kidonge ukakiweka juu ya kidonda, kinaunguza nyama.

Antibayotiki si lazima kwa kila jino. Ukiandikiwa, maliza siku zote. Usipoandikiwa, usiende dukani kuomba "za meno". Nikiandikiwa metronidazoli, ile ambayo wengi huiita Flagyl, mdomo wangu huwa na ladha ya chuma; hiyo ni ya dawa, wala si kidonda kilichooza. Anayekunywa pombe aache kabisa kwa siku hizo.

Siku ya nne

Kwa kawaida siku ya nne maumivu yanapungua. Yangu ya kwanza siku hiyo yalirudi kwa sura nyingine. Yalipanda kutoka tayani hadi sikioni na kwenye kipaji, yanadunda, dawa hayaisikii. Mdomo ulikuwa na harufu ambayo niliisikia mwenyewe. Nikashika kioo na tochi ya simu: palipokuwa na weusi wa damu pameachwa shimo tupu, na chini yake kitu cha kijivu, kikavu. Mfupa.

Nilikwenda kwa daktari mwingine. Alisafisha shimo taratibu kwa maji ya chumvi, akachukua utepe mwembamba wa gozi, akauchovya kwenye dawa, akawa anaukunja ndani ya shimo kwa kibanio, tabaka juu ya tabaka. Hajamaliza, nikasikia harufu ya nyumbani kwa bibi yangu Pemba wakati wa mavuno, majamvi yameanikwa kando ya barabara. "Karafuu?" nikauliza, mdomo wazi. Akatikisa kichwa kukubali. Ndani ya dawa ile mna eujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, ambacho hutuliza mishipa ya fahamu. Kabla sijafika getini maumivu yalikuwa yameshuka hadi nikaweza kufikiri. Nilirudi mara mbili kubadilishiwa.

Naomba usichukue hadithi hii ukajimiminia mafuta ya karafuu shimoni. Mafuta yenyewe matupu yanaunguza nyama mbichi, na shimo lazima lisafishwe kwanza. Ukiona maumivu yanazidi kati ya siku ya tatu na ya tano, pamoja na harufu mbaya, rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Ni kazi ya dakika chache kwake. Magego ya chini na wavutaji sigara ndio wanaopatwa zaidi.

Lakini usichanganye mfupa mtupu na utando mweupe au wa manjano laini unaojitokeza juu ya shimo siku hizohizo bila maumivu mapya. Huo si usaha. Ni nyama changa inaanza. Dada mmoja kazini aliukwangua kwa kijiti akidhani anasafisha, akaanza kutoka damu upya.

Mambo ambayo hayasubiri miadi: damu inayojaza mdomo hata baada ya kuuma gozi kwa saa nzima, homa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha, mdomo au ulimi ambao bado una ganzi kesho yake. Na uvimbe ukishuka chini ya kidevu na shingoni, ulimi ukainuka, ukashindwa kumeza mate au kupumua vizuri, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Maambukizi ya hapo yanaweza kuziba njia ya hewa.

Baada ya wiki ya kwanza

Uliza kama nyuzi zako zinayeyuka zenyewe au zinatolewa. Zangu zilitolewa siku ya saba, haziumi, unasikia kuvutwa tu. Fizi hujifunga polepole kwa wiki kadhaa, na mfupa chini yake huchukua miezi kujaza shimo, kwa hiyo utaendelea kukutana na kishimo kinachokusanya chakula. Baada ya wiki moja daktari wangu alinipa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye ncha iliyopinda, nikawa narushia maji ya uvuguvugu shimoni kila baada ya kula. Vilitoka vitu ambavyo mswaki usingevifikia.

Wiki ya tatu ulimi wangu uligusa kitu chenye ncha kali pembeni ya fizi. Nilidhani wameacha kipande cha jino. Kilikuwa kichembe cha mfupa, mwili unakisukuma nje wenyewe. Daktari alikibana kwa kibanio, akakitoa, akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele.